Mabati, Mvua na Masikio: Niliyoyaona Katika Kazi ya Mitambo Mbeya

Fundi wa mitambo ya sauti wa Nyanda za Juu Kusini hapimwi Agosti. Agosti kumekauka, hewa imetulia, na hata spika mbovu husikika. Msubiri Machi, umweke ndani ya kanisa la mabati lisilo na dari, Tukuyu au Uyole, mchungaji amefika katikati ya mahubiri, halafu mvua iamue kushuka. Hapo ndipo utajua kama uliyemlipa alikufungia mitambo au alikupangia maboksi meusi ukutani.

Nimekula kwa kazi hii tangu nilipotoka chuo cha ufundi hapa Mbeya na cheti cha elektroniki, kabla chuo hicho hakijawa taasisi mwaka 2005 na baadaye chuo kikuu, hiki tunachokiita MUST. Nimetengeneza redio na televisheni za chogo za watu, nimefunga spika kwenye vibanda umiza, makanisa, kumbi za harusi na mikutano ya hadhara kutoka Tunduma hadi Iringa. Nimebuni na vifaa vyangu kadhaa, kimoja kikanipatia jina. Vijana hunijia wakitaka kujua njia ya kuwa mvumbuzi wa vifaa vya sauti na picha. Wengi huanza kwa kuniuliza wanunue nini. Naandika kwa ajili yao, na gharama nitazitaja.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mwalimu wa darasani. Alikuwa mzee mwenye kibanda Mwanjelwa, hana cheti hata kimoja. Mteja akileta redio, mzee hakugusa bisibisi mpaka amwulize, "Inasumbua saa ngapi?" Mimi nilidhani anapiga soga. Kumbe redio inayokoroma jioni tu huenda ni nzima, umeme wa mtaa ndio umechoka kwa sababu kila nyumba imewasha kila kitu. Na ile inayogoma asubuhi ya baridi ikapona saa nne, tafuta kiungo cha risasi ya kuchomelea kilichopasuka ndani. Kikipata joto kinashikana tena. Baridi yetu ya Juni inaleta magonjwa ambayo fundi wa Dar es Salaam anaweza asikutane nayo maisha yake yote. "Kijana," aliniambia siku nilipofungua redio ya mtu kabla ya kuuliza chochote, "wewe unatibu mgonjwa hujamsalimia."

Kazi yangu kubwa ya kwanza ilikuwa kanisa moja wilaya ya Rungwe. Wazee wa kanisa walishakubaliana kabla sijafika: spika mbili kubwa mbele, zenye wati nyingi kuliko za usharika wa jirani. Nilizifunga. Siku ya uzinduzi jua liliwaka, kwaya ikaimba, watu wakashangilia. Wiki chache baadaye mvua za huko zikaanza, na huko hunyesha karibu mwaka mzima, zaidi ya milimita 2,000. Benchi za nyuma hawakusikia neno. Benchi za mbele walihamia pembeni wakiziba masikio. Mama mmoja mzee alinifuata nje, akanishukuru kwa heshima zote, "Ndaga fijo, mwanangu," kisha akasema, "Ila mimi leo nimeangalia tu."

Hesabu iliyonishinda siku ile ni hii, na kila anayenunua spika ingefaa aijue. Mtu akiongea kawaida, ukiwa mita moja kutoka kwake, sauti ni kama desibeli 60, desibeli zikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Mvua kubwa juu ya bati tupu huipita hiyo kwa mbali. Ili maneno yaeleweke bila msikilizaji kuhangaika, sauti ya mhubiri inatakiwa iizidi kelele kwa desibeli 15 hivi pale pale msikilizaji alipokaa. Sasa angalia gharama: kuongeza desibeli 3 unahitaji wati mara mbili, na kuongeza desibeli 10 unahitaji wati mara kumi. Huku nyuma, kila umbali kutoka kwenye spika unapozidishwa mara mbili, sauti inapungua desibeli 6 mahali pa wazi. Ndani ya jengo kuta zinakurudishia kiasi, lakini zinakirudisha kikiwa mwangwi, na mwangwi unalaza maneno juu ya maneno. Kwa hiyo ukisukuma wati mbele, wa mbele unawaumiza na wa nyuma humfikii.

Dawa yake ni kupeleka spika kwa watu. Spika ndogo nyingi, zimepangwa kwenye nguzo au ukutani kila mita chache, kila moja ikiongea taratibu na watu wake. Hapo unakutana na jambo la pili, kuchelewesha sauti. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hewa ikiwa na nyuzi joto 20. Spika iliyo mita 17 kutoka kwa mhubiri, kuelekea benchi za nyuma, ikitoa sauti papo hapo kwa njia ya waya, mtu wa pale anamsikia kwanza kutoka spika ya karibu, halafu baada ya milisekunde 50 anamsikia tena kutoka mbele. Masikioni mwake ni wahubiri wawili wanaogombania andiko moja. Miksa nyingi za kidijitali zinazouzwa siku hizi zina kitufe cha kuchelewesha. Unapima umbali kwa futi kamba, unagawa kwa mwendo wa sauti, unaingiza. Wakati ule sikuwa na miksa ya namna hiyo. Niliuza pikipiki nikanunua kifaa cha mtumba cha kuchelewesha sauti, nikairudia kazi yote kwa pesa yangu, maana niliona aibu kupita njia ile. Ukiweza, washauri pia waweke dari. Bei ya mbao na jipsamu itawashtua, lakini inazima kelele ambayo hakuna amplifaya itakayoishinda kwa amani.

Tangu hapo mkataba wangu una kipengele ambacho wateja hukicheka wakikisoma: sehemu ya mwisho ya malipo hulipwa baada ya mvua kubwa ya kwanza. Malipo ya awali nachukua nusu au zaidi, maana vifaa vinatoka Kariakoo kwa basi na hakuna dereva anayekubali kubeba parseli kwa ahadi.

Niseme kidogo kuhusu umeme, kwa sababu huu unaua. Kwenye mkutano mmoja wa injili upande wa Njombe, mpiga gitaa alisogeza mdomo kwenye maiki akarushwa nyuma. Alipona. Watu walisema ni mapepo na maombi yakaanza hapo hapo. Nilichokuta ni kwamba miksa ilikula umeme wa jenereta, amplifaya ya gitaa ikala umeme wa nyumba ya jirani kwa waya mrefu, na kwenye ile amplifaya mtu alikuwa amekata waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini. Vidole vyake vilikuwa kwenye nyuzi za gitaa, midomo yake kwenye chuma cha maiki, na kati ya vyuma hivyo viwili kulikuwa na umeme uliokosa pa kwenda. Mafundi hukata ethi ili ule mvumo wa hezi 50 uishe kwenye spika. Mvumo unaisha kweli. Usifanye. Vifaa vyote vya jukwaani chukulia umeme chanzo kimoja, tumia kebo za maiki zenye pini tatu, na mvumo ukibaki weka transfoma ndogo ya kutenganisha mawimbi kati ya chombo na miksa. Gharama yake ni ndogo kuliko spika moja. Na kuanzia Novemba hadi Aprili, ibada ikiisha chomoa plagi ukutani. Radi za huku haziulizi kama swichi imezimwa.

Maiki zisizo na waya nazipita haraka. Kama unanunua za mtumba, soma masafa yaliyoandikwa nyuma ya kipokezi. Zile za kati ya megahezi 694 na 790 ziachie hapo hapo dukani. Masafa hayo yalikuwa ya televisheni za analojia, na baada ya kuhamia dijitali yamepangiwa mitandao ya simu. Bei yake rahisi ina sababu.

Sasa kile kisanduku kilichonipatia jina.

Hata baada ya kupanga spika vizuri, tatizo moja lilibaki. Mvua ikianza, mtu wa miksa anaongeza sauti. Ikikatika ghafla, mhubiri anabaki akinguruma peke yake kanisa zima likishtuka. Na mara nyingi mtu wa miksa ni kijana wa kwaya ambaye wakati huo anaangalia simu. Nikafikiria kisanduku kinachosikiliza paa na kupandisha sauti chenyewe, taratibu, kisizidi desibeli 6, kisha kuishusha. Cha kwanza nilikiwekea maiki ndogo chini ya bati. Mvua kiliisikia vizuri. Jumapili iliyofuata hakukuwa na mvua, ila kulikuwa na kwaya. Kisanduku kikasikia kwaya, kikadhani ni mvua, kikapandisha sauti. Kwaya ikazidi, nacho kikazidi, mpaka maiki zote zikaanza kulia wiii. Mchungaji alinikazia macho mpaka mwisho wa ibada. "Fundi," aliniambia tukiwa ofisini, "kifaa chako kinapenda kuimba kuliko kusikiliza."

Nilikaa muda mrefu na maneno hayo. Nilijaribu kuchuja sauti za juu, nikajaribu kupima vituo kati ya neno na neno, nikaharibu bodi nyingi na pesa ya ada ya mtoto ikachelewa muhula mmoja. Mke wangu hakupiga kelele. Aliacha tu kuuliza kisanduku kinaendeleaje, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Jibu lilikuja nikiwa nimepanda juu ya paa kwa kazi nyingine, mkono wangu uko juu ya bati, manyunyu yakaanza. Niliyasikia kwa kiganja. Kwaya haitikisi bati namna ile. Nikachukua kisahani cha pieza, kile cha shaba kinachogeuza mtikisiko kuwa umeme, kilichomo kwenye vikengele na kadi za muziki, bei yake kama ya andazi na chai, nikakigandisha kwenye bati lenyewe kwa gundi, nikakifunika plastiki. Badala ya kusikiliza hewa, kisanduku kikawa kinasikiliza paa. Kwaya ikaimba mpaka ikachoka na kisanduku kisijali.

Mtu ninayependa kuwasimulia vijana hapa ni James West, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Virginia mwaka 1931. Baba yake hakutaka asome fizikia. Alimwonyesha watu weusi wenye shahada za uzamivu wanaofanya kazi posta kwa sababu hakuna aliyewaajiri kwa elimu yao. Akaisoma hivyo hivyo. Alipoingia maabara za utafiti za kampuni ya simu ya Bell aliingizwa kwenye kazi ya kutengeneza spika za masikioni kwa ajili ya watafiti wa usikivu, vifaa ambavyo vilikuwa vinapoteza nguvu kadiri muda ulivyokwenda. Katika kuhangaika na utando wa plastiki unaotunza chaji ya umeme, yeye na Mjerumani Gerhard Sessler wakatengeneza mwaka 1962 maiki ya elektreti, ambayo haihitaji umeme mkubwa wa nje kama maiki za kondensa za zamani. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya kifaa chake, ikatoka mwaka 1964. Kwa miongo mingi baada ya hapo, maiki nyingi kabisa zilizotengenezwa duniani zilikuwa za namna hiyo, kuanzia kwenye simu hadi kinasa sauti cha mwandishi wa habari. Sasa angalia alipoanzia: kwenye malalamiko ya mtu aliyesema kifaa chake hakifanyi kazi.

Kisanduku kilipokaa sawa nilikipeleka Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale, na hapa ndipo watu wengi hutaka kujua habari ya hataza. Nilikionyesha ndani na nje, nikaeleza kila kitu kwa fahari. Bwana mmoja aliyejitambulisha kuwa ana wafadhili alipiga picha nyingi, bodi ikiwa wazi. Baadaye niliona kisanduku kinachofanana na changu kikiuzwa mji mwingine, bei chini kidogo. Hata rangi ya waya walifuata. Kilikuwa kinafanya kazi vizuri, siwezi kusema uongo.

Nilipokwenda kuulizia ulinzi wa kisheria nikajifunza mambo ambayo ningeyajua mapema ningelala vizuri zaidi. Kwa Tanzania Bara hataza huombwa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni. Zanzibar ina ofisi yake, na ya Bara haifiki huko. Kitu lazima kiwe kipya, kiwe na hatua ya ubunifu ambayo fundi wa kawaida asingeifikia kirahisi, na kiweze kutengenezwa viwandani. Ukikianika hadharani kabla ya kuwasilisha ombi, unauweka upya wake mashakani kwa mkono wako mwenyewe. Basi ukienda maonyesho kabla ya kuomba, onyesha kinachofanya, usionyeshe kinavyofanya. Funga kifuniko kwa skrubu.

Halafu likaja lililonivunja nguvu kwa wiki nzima. Mtu mmoja pale chuoni alinielekeza kwenye hifadhi za hataza ambazo ziko bure mtandaoni: Espacenet ya Ulaya, Patentscope ya WIPO, shirika la dunia la mali ubunifu, na ya Google. Nilitafuta, nikakuta vifaa vya kupandisha sauti kulingana na kelele ya mahali vimebuniwa miongo mingi iliyopita. Vyombo vya pieza vya kupima mvua pia vipo. Changu kilikuwa muunganiko wa mambo mawili yanayojulikana, kikiwa kimevaa bati la Rungwe. Sikuomba hataza. Pesa ile niliitumia kusajili jina la biashara na alama, na alama hiyo inalindwa miaka 7 kwanza, kisha unaihuisha kwa miaka 10 kila mara. Kwa fundi mwenye wateja wanaomjua, naona alama ina faida ya haraka kuliko hataza, ingawa mwanasheria anaweza kubishana nami.

Lakini zile hifadhi nimeendelea kuzifungua usiku, na sasa nazihesabu kuwa shule yangu ya pili. Hataza ina masharti: mvumbuzi akilindwa, lazima aeleze kifaa chake kwa michoro na maneno mpaka mtu wa fani aweze kukitengeneza. Ikiisha muda, kwa kawaida miaka 20, au kama haikuwahi kusajiliwa nchini, hakuna anayekuzuia kukitengeneza na kukiuza hapa. Soma ile ya Alan Blumlein, mhandisi wa EMI Uingereza, aliyoiombea mwaka 1931. Inasimuliwa kwamba alikuwa sinema na mwanamke aliyekuja kuwa mkewe, akakereka kwamba mwigizaji anatembea upande mmoja wa skrini na sauti yake inatokea upande mwingine. Karibu mambo yote ya stereo yamo humo. Alikufa mwaka 1942 kwenye ajali ya ndege wakijaribu rada, akiwa na miaka 38, na rekodi za stereo zikaja kuuzwa kwa wingi mwaka 1958. Huwa namkumbuka ninapoona kijana anasikitika kwamba kifaa chake cha mwaka jana hakijamtajirisha.

Weka daftari. La karatasi, kurasa zenye namba, tarehe kila siku, mchoro, kilichoshindikana na kilichofanya kazi, na mtu mwingine asaini mara kwa mara kwamba ameona. Ukiingia ubia na mtu, hata awe shemeji yako, andikeni nani ana nini kabla ya bodi ya kwanza. SIDO, shirika la viwanda vidogo, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, wana watu wa kusikiliza wabunifu, na mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, MAKISATU, yalianza 2019. Nenda, ila nenda na daftari na uzoefu wa mteja mmoja aliyelipa.

Visanduku havijanitajirisha. Nauza vichache kwa mwaka, na kinachonilisha ni kufunga mitambo, kuirekebisha, na kufundisha vijana wa makanisa kukaa kwenye miksa bila kushika simu.

Gharama ambayo sikuitarajia ni ya mwilini. Nilianza kusikia mlio mwembamba masikioni usiku, kwanza baada ya harusi, baadaye kila siku. Nilipopimwa, mstari wa usikivu wangu ulikuwa umeshuka ghafla kwenye kilohezi 4, mahali ambapo kelele za kazi huanzia kula. Daktari alinipa hesabu ambayo sikuwahi kufundishwa chuoni: desibeli 85 unaweza kukaa nazo saa 8, kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu. Kwa hiyo desibeli 94 ni saa moja, na desibeli 100, ambazo kwenye send-off za Mbeya ni za kawaida kabisa, ni dakika 15. Mimi nilikuwa nakaa mbele ya spika mpaka saa nane usiku. Kilichopotea hakirudi.

Siku hizi marekebisho ya mwisho ya sauti anayafanya binti niliyempokea akitoka VETA. Mimi nafunga waya, napima umbali, napanda juu ya paa kugandisha visahani. Yeye anakaa benchi la nyuma, anafumba macho, ananyoosha kidole juu au chini. Kuna vitu anavisikia kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, ambavyo mimi naviona tu kwenye kipimo cha sauti cha simu, mstari ukiruka. Nilimnunulia plagi za masikio siku ya kwanza ya kazi, kabla sijampa bisibisi. Za povu zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini, bei haifiki ya kebo moja ya maiki. Akizisahau nyumbani, siku hiyo hapandi gari.